Kwa nini "board" ni ubao, chakula, kikao na ubavu wa meli

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, Tanga. Mwanafunzi wangu ameniuliza kwa nini Waingereza wana neno moja, "board", kwa mambo yasiyofanana kabisa: ubao wa darasani, bodi ya shule, shule ya bweni na hata kupanda ndege. Kamusi niliyonayo inataja maana ya kwanza kuwa uso bapa wa mti uliopasuliwa, kisha inaorodhesha nyingine bila kueleza zilifikaje hapo. Je, ni neno moja, au ni maneno kadhaa yaliyofanana kwa bahati? Na bodi ya gari nayo imo humo?

Jibu: Marahaba mwalimu mwenzangu. Mpongeze huyo mwanafunzi, maana ameona jambo ambalo wengi wetu tunalisoma kila siku bila kulishangaa. Jibu fupi ni hili: ubao, bodi ya shule na bweni ni neno moja kabisa. Kupanda ndege ni ndugu yao, ila kwanza alipita Ufaransa. Bodi ya gari haimo, nami nitaifikia baadaye.

Kabla ya kwenda Uingereza, naomba tuanze na baraza, kwa sababu wanafunzi wako wanalijua. Baraza ni kile kiti kirefu cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, mahali watu wanapokaa kuzungumza baada ya alasiri. Jina la mahali likahamia kwa wanaokaa pale, likahamia tena kwa mazungumzo yao, na leo tuna Baraza la Mawaziri na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambayo hayakutani kwenye kibaraza cha mtu. Hakuna aliyetoa amri neno libadilike. Maana ilisogea hatua moja, kutoka kwenye kitu hadi kwa jirani yake, kisha kwa jirani wa jirani. "Board" lilikwenda mwendo huohuo, ila kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kiingereza cha Kale, kilichosemwa kuanzia takriban karne ya 5 hadi ya 11, kiliandika neno hili "bord". Lilikuwa ni kipande cha mti kilichopasuliwa kikawa bapa, na wanaisimu wengi wanaliunganisha na mzizi wa kale sana wenye maana ya kukata. Ndugu zake wametawanyika kote kaskazini mwa Ulaya, na kila mmoja ameshika maana yake. Ukiwa Uswidi, Norway au Denmark, "bord" ni meza. Ukivuka hadi Uholanzi, "bord" ni sahani. Wagothi, ambao Biblia yao ilitafsiriwa katika karne ya 4, walisema "fotubaurd" wakimaanisha kibao cha kuwekea miguu. Meza, sahani na kibao cha miguu ni vyombo vitatu tofauti, ila vyote ni uso bapa unaobeba kitu juu yake.

Zingatia huo uso unaobeba. Neno la Kiingereza la leo la uso wa kitu, "surface", ni geni. Liliingia kutoka Kifaransa mwanzoni mwa karne ya 17. "Bord" halikutaja uso peke yake kama wafanyavyo walimu wa hisabati. Lilitaja uso pamoja na mti wake, na kwa kuwa uso huo ulikuwa wa kufanyia kazi, neno lilibaki wazi kupokea chochote kilichowekwa juu yake.

Matumizi ya kale yanayonivutia kuliko yote ni ya vita. Ngao za Waanglo-Saksoni, yaani wasemaji wa Kiingereza cha Kale, zilikuwa za mbao, na washairi wao walizoea kuita ngao "bord" tu. Shairi la ushindi wa Brunanburh wa mwaka 937, lililohifadhiwa ndani ya kumbukumbu za miaka za Waanglo-Saksoni, linasema washindi waliupasua "bordweal", yaani ukuta wa mbao. Asiyejua angedhani walikuwa wakibomoa nyumba. Ukuta ule ni safu ya askari waliosimama bega kwa bega, ngao zikiwa zimegusana.

Kuna pia mahali katika utenzi wa Beowulf, uliobaki katika muswada mmoja tu wa takriban mwaka 1000, ambapo unaona maisha yote ya ukumbi ule katika mistari michache. Karamu imekwisha. Wapiganaji wanaondoa mbao za mabenchi, wanatandaza matandiko na mito sakafuni, kisha kila mmoja anaweka ngao yake kichwani pake, na mshairi anaziita ngao hizo "bordwudu", mti wa bord. Somesha kipande hicho ukiweza, hata kwa tafsiri. Kinaonyesha kwamba samani za ukumbi hazikuwa vitu vya kukaa mahali pamoja daima: mbao zilipangwa watu wakale, na zikaondolewa watu walale.

Desturi hiyo ya kupanga na kupangua iliendelea kwa mamia ya miaka. Katika kumbi kubwa za Uingereza za enzi za kati, meza nyingi zilikuwa mbao ndefu zilizolazwa juu ya miguu ya kusimamisha. Chakula kikiisha, ubao unainuliwa, unaegemezwa ukutani. Kwa hiyo "board" lilikuwa ndilo jina la kawaida la meza ya kulia, na neno la meza huwa halikai mbali na neno la chakula. Kufikia karne ya 14 "board" lilikwishamaanisha chakula chenyewe kinachoandaliwa kila siku, hasa kile anachopewa mtu anayeishi kwenye nyumba ya mwingine kwa malipo.

Kiapo cha ndoa cha enzi hizo, kwa utaratibu wa kanisa wa Sarum uliotumika sehemu kubwa ya Uingereza, kilimtaka bibi harusi aahidi kuwa mpole na mtiifu "in bedde and at borde", kitandani na mezani. Mahakama za kanisa nazo zilikuwa na hukumu ya kuwatenganisha wanandoa bila kuivunja ndoa yenyewe. Kwa Kilatini iliitwa "a mensa et thoro", kutoka mezani na kitandani. Kwa Kiingereza ikawa kutengana "from bed and board". Hilo "mensa" la Kilatini ndilo asili ya "mesa" ya Wareno, ambayo kwetu imekuwa meza. Mume na mke waliotenganishwa na mahakama ile walitenganishwa na kitu ambacho Mswahili anakitaja kwa neno lilelile.

Sasa shule ya bweni inajieleza. Mtu anayelipa apewe chakula na mahali pa kulala akaitwa "boarder", na katika karne ya 17 ikazuka "boarding school", shule ambayo mtoto anakula na kulala hukohuko. Kiswahili kimelitazama jambo hilohilo kutoka upande wa pili: sisi tunaitaja shule hiyo kwa jengo la kulala, bweni, na Waingereza wanaitaja kwa meza ya kula. Mwanafunzi akikuuliza ubao uko wapi kwenye "boarding", mjibu kwamba uko bwaloni.

Bodi ya shule ilitoka kwenye meza ileile, lakini ikachukua njia ya baraza. Katika karne ya 16 watumishi wa mfalme waliokutana kuzunguka meza kwa shughuli za serikali walianza kuitwa kwa jina la meza yao. Mfano mzuri kuliko yote ni ofisi iliyoitwa Board of Green Cloth. Maofisa wa nyumba ya kifalme walikaa kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani, wakikagua hesabu za matumizi ya kasri na kuamua makosa yaliyotendeka katika eneo lake. Kitambaa na meza vikawa jina la chombo cha dola, na chombo hicho kilidumu karne nyingi hadi kilipofutwa mwaka 2004. Hapo huhitaji nadharia yoyote ya maana. Jina lenyewe linakuonyesha meza.

Hata mwenyekiti ametoka ukumbi uleule. Wengi walikaa kwenye mabenchi; kiti chenye mgongo na mikono kilikuwa cha mkubwa. Ndiyo maana Kiingereza kinamwita anayeongoza kikao "chairman", mtu wa kiti, na Kiswahili kikamwita mwenye kiti. Tulipopokea utawala wa Kiingereza tulipokea pia samani za kikao chake: kiti tukakipa jina letu, ubao tukauchukua kwa sauti yake, ukawa bodi. Leo Tanzania ina Bodi ya Kahawa, Bodi ya Korosho na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Hiyo ya mwisho hutoa, pamoja na ada, fedha za chakula na malazi, yaani kile Mwingereza anachokiita "board and lodging". Maana mbili za neno moja zinakutana kwenye fomu moja ya mkopo, na vijana wengi wanaijaza bila kujua.

Utaniuliza: ikiwa "board" lilikuwa meza, kwa nini leo mtoto wa Kiingereza hasemi anakula juu ya "board"? Sababu ni Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza. Baada ya mwaka 1066 Kifaransa kiliingia katika nyumba za wakubwa, na pamoja nacho likaja "table", ambalo polepole lilichukua kazi ya kuitaja samani. "Board" likanyang'anywa meza yenyewe, lakini halikunyang'anywa vile lilivyokwisha kuvizaa: chakula, kikao, mchezo. Hivi ndivyo maneno mengi ya zamani yanavyookoka. Yanapoteza kazi yao ya kwanza, yanabaki ndani ya misemo na maneno ambatani. Na hilo "table" limetoka kwenye Kilatini "tabula", ambalo nalo maana yake ya kwanza ni ubao. Ubao wa ukoo wa lugha za Kijerumani, ambamo Kiingereza kimo, ulipinduliwa na ubao wa Kirumi.

Tuje kwenye maji, kwa sababu huko ndiko iliko ndege yako. Kiingereza cha Kale kilikuwa na "bord" la maana nyingine: ukingo, na hasa ubavu wa chombo cha baharini. Wanaisimu wengi wanaona kwamba haya yalikuwa maneno mawili ya kale yaliyokaribiana sana, moja la ubao na moja la ukingo, ambayo yalichanganyika mapema hata hatuwezi tena kuyatenganisha kila mahali. Si ajabu yalichanganyika, maana ubavu wa jahazi ni mbao tupu. Mfalme Alfred wa Wessex, akiandika takriban mwaka 890 kuhusu kuporomoka kwa elimu katika nchi yake, alikumbuka enzi ambazo watu wa "utanbordes", nje ya mipaka, walikuja Uingereza kutafuta maarifa. Ukingo wa chombo ulikwisha kuwa ukingo wa nchi.

Upande wa kulia wa chombo uliitwa "steorbord", upande wa kuongozea, kwa sababu vyombo vya kaskazini viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni kulia karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Meli ya Gokstad, iliyofukuliwa Norway mwaka 1880 na iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 9, ina kasia lake hapohapo. Neno hilo ndilo "starboard" ya leo. Upande wa kushoto uliitwa "bæcbord", ubavu ulio mgongoni kwa mshika usukani aliyegeukia kasia lake. Wajerumani na Waholanzi wanalo mpaka leo, na Wafaransa walilichukua likawa "bâbord". Waingereza wenyewe waliliacha, wakasema "larboard". Hebu lisikie: "starboard", "larboard". Katika upepo mkali, amri ikipigiwa kelele kutoka tezini, kosa la silabi moja lingeweza kupeleka meli mwambani. Jeshi la majini la Uingereza likaamuru mwaka 1844 upande wa kushoto uitwe "port", na la Marekani likafuata mwaka 1846. Mabaharia wetu wa majahazi walikuwa na utaratibu mwingine kabisa: goshini ni upande unakotoka upepo, demanini ni upande unakokwenda, na pande hizo zinabadilika tanga linapogeuzwa. Kwa anayesafiri kwa tanga, naona huo ndio mgawanyo wenye faida zaidi.

Kifaransa kilikuwa kimelichukua hili "bord" la ukingo kutoka kwa Wafranki, watu wa ukoo wa lugha za Kijerumani walioipa Ufaransa jina lake. Kikatengeneza kitenzi cha kusogeza chombo ubavuni mwa chombo kingine, na hapo ndipo Kiingereza kilipopata nguvu ya kusema "to board". Maana ya kwanza haikuwa ya abiria. Ilikuwa ya vita: unasogeza meli yako ubavuni mwa ya adui, unaruka na upanga mkononi. Baadaye kuruka kukawa kuingia tu kwa amani, kwanza melini, kisha kwenye treni, kisha kwenye ndege. Pasi ya kupandia ndege inabeba neno la mashambulizi ya baharini.

Maana nyingine nazipitia haraka. Mchezo wa karata ulitaka mikono ionekane juu ya meza, na toka karne ya 17 jambo la haki lisilofichwa likaitwa "above board". Waigizaji wanakanyaga "boards" kwa sababu jukwaa ni mbao. Dama na sataranji vina "board" kama vile kete zetu zilivyo na bao, na bao letu nalo limekwenda mbali: limetoka kwenye mti likawa jina la mchezo, likawa jina la kinachofungwa uwanjani, na mpiga ramli naye ana bao lake.

Moja tu nisiliruke, "dashboard", kwa sababu wanafunzi wako wanaliona kila siku kwa sura ya dashibodi. Magari ya kukokotwa na farasi yalikuwa na ubao, au ngozi iliyowambwa, mbele ya miguu ya dereva ili kuzuia matope yanayorushwa na kwato. Hapo "dash" ni kule kurusha. Injini ilipochukua nafasi ya farasi ubao ulibaki, mafundi wakaanza kuufungia saa za mwendo na za mafuta, na sasa hata programu ya kompyuta ina dashibodi inayoonyesha takwimu. Kibodi tunayochapia nayo ni wa ukoo huohuo.

Sasa bodi ya gari. Hiyo si "board", ni "body", mwili, ambalo katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "bodig". Maneno mawili yasiyo na undugu yameingia Kiswahili yakakutana kwenye sauti moja, kwa sababu matamshi yetu hayakuona haja ya kushika ile "r" ambayo Waingereza wengi wenyewe hawaitamki. Ukisema bodi ya shirika la mabasi na bodi ya basi umetaja mambo mawili tofauti, na wanafunzi wafundishwe hivyo.

Lakini kuna ndugu mwingine ambaye hukumuuliza. Kutoka kwenye "bord" la ukingo, Kifaransa kilizaa jina la pindo, na Kiingereza kikalifanya "border", mpaka wa nchi. Katika miaka ya 1960, huko Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walikuwa wakiwavusha watu na mizigo katika ile nafasi iliyo kati ya kituo cha mpaka cha nchi moja na cha nyingine, wakiwaita abiria kwa kutaja safari yenyewe: boda, boda. Baiskeli zikawa pikipiki, na jina likaenea Afrika Mashariki yote. Kwa hiyo bodaboda ana undugu na "starboard" na ule ukingo wa mfalme Alfred. Undugu wake na bodi ya wakurugenzi ueleze kwa tahadhari: wanahusiana kwa kadiri ile tu ambayo ubao na ukingo vilichanganyika zamani. Ukichora mti wa ukoo ubaoni, anza na mashina mawili yaliyosimama karibu, kisha acha matawi yao yapishane pale kwenye ubavu wa meli.